Kompyuta Huchaguliwa Kuanzia Ukutani

Mtu wa Horohoro anayetaka kuunda kompyuta ya mezani, au kuiongezea nguvu ile aliyonayo, ana masoko matatu mbele yake. Kusini kuna Tanga mjini, kilomita 65 za lami iliyojengwa kwa fedha za Marekani kupitia shirika lake la MCC. Mbali zaidi kuna Kariakoo, safari ya zaidi ya kilomita 400. Na kaskazini, ukishavuka Lunga Lunga, ukapita Ukunda na kivuko cha Likoni, kuna Mombasa, kilomita 100 na ushei tu, yaani karibu robo ya mwendo wa kwenda Dar es Salaam. Bidhaa basi hazimpi shida. Shida yake ni aanze na lipi. Wauzaji humwambia aanze na prosesa, na video za YouTube zinazorekodiwa Ulaya na Marekani humwambia vivyo hivyo: prosesa, kisha kadi ya picha, kisha RAM, na mwisho kabisa, kwa chenji iliyobaki, pawa saplai na kasha la kutilia vyote hivyo. Kwa ukanda huu wa pwani mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu. Kompyuta ya Horohoro inafaa ichaguliwe kuanzia kwenye soketi ya ukutani kuingia ndani: umeme kwanza, joto na chumvi baadaye, vipuri na waranti tena, na kasi ya prosesa iwe ya mwisho kuulizwa.

Ili hoja hii isiwe ya hewani, tuwatazame wanaozihitaji kompyuta hizo. Pale mpakani kuna ofisi za mawakala wa forodha ambao kazi yao yote imehamia mtandaoni, na malori yanasubiri foleni wao wakijaza fomu. Kuna steshenari zinazochapa barua za maombi ya kazi, kutoa kopi na kupiga picha za paspoti. Kuna shule, kuna zahanati, kuna vibanda vya kuingiza nyimbo na filamu kwenye flashi, na kuna vijana wachache wanaohariri video za harusi. Ukiwaondoa hao wa video, hakuna hata mmoja kati yao ambaye kazi yake hulala kwa sababu prosesa ni ya polepole. Kazi hulala kwa sababu mashine haiwaki, au inajizima yenyewe, au diski imekufa na mafaili yote. Prosesa yenyewe ni miongoni mwa vipande vinavyokufa mara chache kabisa katika kompyuta. Hudumu kuliko mazabodi inayoibeba. Mnunuzi mwenye bajeti ndogo ana sababu gani, basi, ya kumwaga sehemu kubwa ya fedha zake kwenye kipande kisichomwangusha, na kubana matumizi kwenye kile kinachomwangusha kila mwaka?

Umeme wa Tanzania umepangwa uwe volti 230 kwa mzunguko wa hezi 50. Namba hiyo ni ahadi ya karatasini. Waya wowote mrefu hupoteza volti njiani, na kadiri transfoma inavyobeba wateja wengi ndivyo volti zinavyoshuka saa za jioni, pasi, majiko na friji zinapowashwa kwa pamoja. Usiku wa manane, watu wakishalala, volti hizo hizo hupanda. Umeme ukikatika na kurudi, hurudi ukiyumba kwanza kabla ya kutulia. Hapa huja pingamizi la kwanza, tena lina uzito. Nchi imemaliza Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji. Mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024, na mitambo yote 9 imefanya uwezo wa bwawa hilo ufike megawati 2,115. Mgawo uliotutesa mwishoni mwa 2023 umebaki simulizi. Kuna haja gani ya kuendelea kununua kompyuta kana kwamba mgawo upo? Jibu ni kwamba wingi wa umeme na ubora wa umeme ni vitu viwili. Megawati za Rufiji huondoa upungufu wa uzalishaji. Haziondoi nguzo iliyooza, tawi la mwembe lililoangukia waya, transfoma iliyozidiwa, wala radi ya masika. Majirani zetu wa Kenya walionja tofauti hiyo usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, gridi yao ilipoanguka na sehemu kubwa ya nchi ikawa gizani kwa saa nyingi, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukiwemo. Na kwa pawa saplai, sekunde 1 ya umeme mbovu hudhuru kuliko saa 10 za giza.

Sasa tuifungue hiyo pawa saplai, maana ndipo hesabu yote ilipo. Zile za bei ya chini kabisa zinazouzwa pamoja na kasha jipya huandikwa kwa herufi kubwa wati 500 au 600. Geuza upande wenye jedwali. Prosesa na kadi ya picha za leo hula karibu umeme wake wote kutoka mstari wa volti 12, kwa hiyo soma ampea za mstari huo na uzizidishe kwa 12. Ukikuta ampea 16, unayo wati 192, hata kama ubavuni pameandikwa 500. Zinazobaki ni namba za mistari ya volti 3.3 na 5 ambayo kompyuta ya sasa haiihitaji sana, na nyingine ni matumaini ya mchapishaji wa lebo. Kisha tazama nyuma, karibu na tundu la waya. Ukiona swichi nyekundu ya kuchagua 115 au 230, hiyo ni pawa saplai ya usanifu wa zamani. Mtoto akiichezea kwa kidole ikaenda 115 huku ukutani kuna 230, utasikia mlio mmoja na mambo yameisha. Pawa saplai ya usanifu mpya haina swichi hiyo kwa sababu hupokea chochote kati ya volti 100 na 240 na kujirekebisha yenyewe, hivyo volti zikishuka jioni hadi 180 haitikisiki. Kwa mtu aliye mwisho wa laini, tofauti hii peke yake ina faida kuliko prosesa ya kizazi kimoja mbele.

Neno moja kuhusu nembo ya 80 Plus, kwa sababu wengi huichukua kama cheti cha ubora. Mpango huo ulianza mwaka 2004 na unapima ufanisi, yaani ni kiasi gani cha umeme unaoingia kinatoka kikiwa na kazi, badala ya kupotea kama joto. Haupimi uimara wala ulinzi dhidi ya umeme unaopanda ghafla. Hata hivyo nembo hiyo ina manufaa ya pembeni: kuupata ufanisi huo mtengenezaji hulazimika kutumia usanifu wa kisasa, ule usio na swichi nyekundu. Ichukue kama dalili, usiichukue kama dhamana. Nembo yenyewe pia hughushiwa, kwa hiyo uzito mkononi na jina la kampuni inayofahamika bado ni ushahidi wa kuaminika zaidi.

Uimara uko kwenye kapasita, na hapo hesabu inaweza kufanywa na mtu yeyote. Kapasita za maji ndani huandikwa joto na saa: kwa mfano nyuzi 85 kwa saa 2,000, au nyuzi 105 kwa saa 2,000. Kanuni ya wahandisi ni kwamba kila joto likipungua nyuzi 10 chini ya kiwango hicho, umri huongezeka mara mbili. Tuchukue pawa saplai ambayo ndani yake joto hufika nyuzi 65 inapofanya kazi katika chumba cha Ulaya chenye nyuzi 22. Kapasita ya 85 itaishi saa 8,000, na ya 105 itaishi saa 32,000. Ihamishe hiyo hiyo kwenye kibanda cha bati cha Horohoro mwezi Februari, ambako chumba kiko nyuzi 32. Joto la ndani linapanda hadi 75. Umri unakuwa saa 4,000 kwa ile ya 85, na 16,000 kwa ile ya 105. Steshenari inayofunguliwa saa 10 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hutumia saa 3,000. Pawa saplai ya kapasita duni basi huanza kuchoka baada ya mwaka 1 na miezi 4, na ile nzuri hupita miaka 5. Hakuna mkono wa mtu hapo. Ni joto tu. Anayesema kompyuta yake imefanyiwa husuda kwa kuwa imekufa muda mfupi baada ya waranti ya mwaka kuisha, afanye kwanza hesabu hii.

Kapasita mbovu zina historia ndefu, na haikuishia kwa vitu vya bei rahisi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 soko la dunia lilijaa kapasita zenye kemikali mbaya, zikawa zinavimba na kuvuja. Dell, kampuni ambayo mashine zake za OptiPlex zimejaa katika maofisi yetu kama mitumba, ilitenga dola milioni 300 mwaka 2005 kwa ajili ya kurekebisha mazabodi za aina hiyo, hasa za OptiPlex GX270. Fundi wa Tanga aliyewahi kubadilisha kapasita zilizovimba kama maandazi alikuwa akisafisha mabaki ya tatizo lililoanzia viwandani Asia.

Tukirudi ukutani, kati ya soketi na kasha kuna UPS, kifaa kinachonunuliwa kwa imani na kulaumiwa kwa dhulma. Malalamiko ya kawaida ni kwamba umeme ukikatika kompyuta inazima ilhali UPS ipo na inalia. Wengi huamua UPS ni feki. Mara nyingine ni kweli, au betri imekufa. Lakini kuna sababu nyingine isiyotajwa. UPS ya kawaida huchukua milisekunde 4 hadi 10 kuhama kutoka umeme wa TANESCO kwenda kwenye betri. Katika muda huo pawa saplai inapaswa kuishi kwa akiba iliyomo kwenye kapasita zake. Mwongozo wa Intel kwa watengenezaji unataka akiba hiyo itoshe angalau milisekunde 16 hivi. Pawa saplai iliyobaniwa kapasita kubwa ili bei ishuke haina akiba hiyo. UPS inahama kwa wakati, kompyuta tayari imezima. Mnunuzi anabadilisha UPS mara mbili, tatu, na kosa liko ndani ya kasha. Kwa hiyo UPS na pawa saplai hununuliwa kama pea. Chagua UPS yenye kurekebisha volti ndani yake, ile ambayo haikimbilii betri kila volti zinaposhuka jioni, maana betri inayotumika kila jioni haifiki mbali. Na jua kwamba betri hizo za asidi hupimwa umri wake katika nyuzi 25. Katika chumba cha nyuzi 33 umri huo hukatika karibu nusu. Waliozoea kusikia kwamba betri ya UPS hudumu miaka 3 hadi 5 wasishangae kubadilisha baada ya 2. Waya wa ardhi nao, ule wa tatu unaochimbiwa chini, usipokuwepo nyumbani, vifaa vingi vya kukinga radi vinavyouzwa kwenye ekstensheni ni mapambo.

Chumvi inasahaulika zaidi ya yote. Horohoro haioni bahari, lakini Jasini na Moa haziko mbali, na upepo wa kusi haulipi nauli. Chumvi ya kawaida ina tabia moja inayojulikana kikemia: unyevu wa hewa ukizidi takriban asilimia 75 huacha kuwa unga na kuanza kunyonya maji hadi kuyeyuka. Pwani ya Tanga huvuka kiwango hicho asubuhi nyingi za mwaka. Vumbi la kawaida ndani ya kompyuta ni blanketi tu, huzuia hewa. Vumbi lenye chumvi iliyolowa hupitisha umeme na hula miguu ya shaba. Hapo ndipo kasha lenye kioo ubavuni na feni 6 za taa za rangi linapogeuka kuwa kosa la usanifu kwa mahali hapa: kila feni inavuta hewa ya bahari na vumbi la malori, na mara nyingi haina chujio. Kasha la chuma lenye feni 2, moja ya kuingiza yenye chujio linalofulika na moja ya kutoa, linatosha kwa prosesa ya wati 65. Kwa prosesa inayoweza kufikisha wati 253 kama Core i9-14900K halitoshi, na hilo ni jibu la swali la kama prosesa hiyo inafaa hapa. Vipimo vya joto tunavyoviona kwenye mapitio ya Ulaya vilizaliwa katika vyumba vya nyuzi 20 na kitu. Ongeza nyuzi 10 kwenye kila namba kabla ya kuiamini.

Baada ya hapo ndipo tunaweza kuzungumzia lile kasha lenyewe, ambalo wengi wetu tumezoea kuliita sipiyu, jambo linalowachekesha mafundi maana sipiyu ni kile kipande cha ukubwa wa kiberiti ndani yake. Kwa mnunuzi wa kawaida chaguo la kweli ni kati ya mtumba wa kampuni kubwa, yaani Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre uliotoka maofisini Ulaya au kupitia Dubai, na kompyuta inayoundwa upya kipande kwa kipande. Mtumba una sifa kubwa ambayo hoja yangu inalazimika kuikubali: pawa saplai yake ilitengenezwa kwa ajili ya wateja wenye mikataba, kwa hiyo wati 240 zilizoandikwa juu yake ni wati 240 kweli. OptiPlex yenye pawa saplai hiyo ina nguvu ya kweli kuliko kasha jipya linalong'aa lenye lebo ya 500. Lakini ina kasoro yake, nayo hujificha hadi siku ya kuharibika. OptiPlex 7020 na 9020 za prosesa za kizazi cha 4, kwa mfano, hutumia plagi ya mazabodi yenye pini 8 badala ya 24 za kawaida, na HP wana plagi zao. Pawa saplai ikifa, huwezi kuchukua nyingine yoyote dukani. Unahitaji ya aina ile ile au waya wa kubadilishia. Na kasha jembamba halipokei kadi ya picha ndefu wala kadi inayodai waya wa ziada. Mwisho wake ni kadi fupi zisizozidi wati 75 zinazotolewa na tundu lenyewe, kama baadhi ya GTX 1650. Anayenunua mtumba mwembamba kwa nia ya kuja kuuongezea kadi kubwa ya picha baadaye amenunua nyumba ya chumba kimoja akitarajia kuijengea ghorofa.

Kuna mpaka mwingine wa mitumba, huu umewekwa na Microsoft. Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8 pamoja na kipande cha usalama cha TPM 2.0. Matokeo yake ni kwamba makampuni ya Ulaya yanamwaga mashine za kizazi cha 4, 6 na 7 kwa wingi, na bei zake huku kwetu zinavutia. Namba ya kizazi husomeka kwenye jina la prosesa: i5-6500 ni ya 6, i5-8500 ni ya 8. Kwa wakala wa forodha anayeingiza nywila za wateja kwenye mifumo ya serikali, mashine isiyopata marekebisho ya usalama si ya bure hata akipewa. Wapo watakaosema Linux inamaliza tatizo hilo, na wana haki. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili tangu 2004, kwa hiyo wazo hilo si geni kwetu. Kwa shule linafaa sana. Kwa steshenari ambayo wateja huleta mafaili ya Word yaliyopangwa kwa mbwembwe na kutaka yatoke vile vile, ni kutafuta ugomvi kaunta.

Kuhusu diski na RAM nitakwenda haraka, maana hapo wataalamu wamekubaliana. Hata diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika inahitaji kwa wastani milisekunde 4 na kidogo kusubiri tu sehemu inayotakiwa ifike chini ya kichwa cha kusomea, kabla ya kuhesabu mwendo wa kichwa chenyewe. SSD hujibu katika sehemu ndogo ya milisekunde 1. Ndiyo maana kompyuta ya 2014 ikiwekewa SSD huonekana imefufuka, kuliko ikibadilishiwa prosesa. SSD pia haina kitu kinachozunguka cha kukwaruza umeme unapokatika ghafla, ingawa haiko salama kabisa: faili linaloandikwa dakika ile laweza kupotea, na diski feki zipo. SSD au flashi inayodai terabaiti 2 kwa bei ya chakula cha mchana ni uongo uliochapishwa. Programu ya H2testw huijaza hadi mwisho na kuonyesha ukweli wake, na CrystalDiskInfo huonyesha saa ambazo diski ya mtumba imefanya kazi. RAM, nunua vipande viwili vinavyolingana badala ya kimoja kikubwa, hasa kama kompyuta haina kadi ya picha ya pekee, kwani prosesa hutumia njia mbili kwa pamoja. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani. Na usingoje sana: mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda duniani kwa sababu viwanda vinapeleka chipu kwenye vituo vya akili mnemba, hadi Micron ikatangaza Desemba mwaka huo kuachana na biashara ya Crucial kwa wateja wa kawaida.

LUKU nayo ina kauli katika uchaguzi huu. Kwa viwango vilivyopangwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi mradi asizidishe uniti 75 kwa mwezi. Mteja wa kawaida, wa kundi la T1, hulipa 292. Kompyuta ndogo ya wati 25 na skrini ya wati 20, ikiwashwa saa 10 kwa siku, hula uniti 13.5 kwa mwezi. Kompyuta ya kadi kubwa ya picha, ikifanya kazi nzito muda wote kwa wati 250 pamoja na skrini hiyo hiyo, hula 81, yaani peke yake imeshamtoa mwenye nyumba kwenye D1 kabla friji haijawashwa. Tofauti ya uniti 67.5 kwa bei ya T1 ni karibu shilingi 19,700 kwa mwezi, zaidi ya 236,000 kwa mwaka kabla ya kodi na tozo. Mhariri wa video za harusi anaweza kuirudisha fedha hiyo kwa kazi moja au mbili. Anayechapa barua hawezi.

Na Mombasa je? Wengi wa mpakani hudhani Jumuiya ya Afrika Mashariki imefuta kila kitu. Kweli, ushuru wa forodha kwa kompyuta na vipuri vyake ni asilimia 0 katika viwango vya pamoja vya Jumuiya, lakini VAT haijafutwa: aliyeilipa ya asilimia 16 katika duka la rejareja Mombasa hudaiwa asilimia 18 akiingia Tanzania. Utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, ule wa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, na mazabodi ya Taiwan haiwi mahindi kwa kupitia Lunga Lunga. Njia za panya zipo, na kila anayezipita anajua kwamba kipande kilichopita huko hakina risiti inayotambulika, na kisicho na risiti hakina waranti. Hapo hesabu yangu ya kapasita inarudi: kipande kinachoweza kufa mapema ndicho kinachohitaji waranti ya karibu. Pawa saplai na UPS vinunuliwe Tanga, ambako unaweza kurudi navyo kwa basi la asubuhi. RAM na prosesa, vinavyokufa mara chache na kupimika palepale dukani, ndivyo vinavyostahimili kununuliwa mbali.

Pingamizi zito kuliko yote linahoji kompyuta ya mezani yenyewe. Laptopu ina betri ndani, haihitaji UPS, chaja yake hupokea volti 100 hadi 240, na hula wati chache. Kwa mujibu wa vigezo vyangu mwenyewe, laptopu imeshinda. Nakubali nusu. Mtu mmoja anayefanya kazi peke yake na kuhama hama anunue laptopu. Lakini kwenye kaunta ya steshenari kibodi hupigwa na mikono 20 kwa siku, na kibodi ya mezani ikifa hubadilishwa kwa dakika 1. Ya laptopu ni kufungua mashine nzima, na RAM ya nyingi za sasa imelehemewa. Kuna njia ya katikati ambayo vigezo hivi vinaielekea wazi: kompyuta ndogo za mezani zenye ukubwa wa kitabu, kama OptiPlex 7060 Micro, EliteDesk 800 G4 Mini au ThinkCentre M920q Tiny. Zote ni za kizazi cha 8, zinakubali Windows 11, na zinatumia chaja ya nje kama ya laptopu, ambayo ikiungua hubadilishwa bila bisibisi. Hewa inayopita ndani yake ni ndogo, na chumvi vilevile. Hazipokei kadi kubwa za picha, na hilo ndilo deni lake. Anayelazimika kuwa na kadi hiyo aunde upya kwa mazabodi na pawa saplai za vipimo vya kawaida, ambazo kila duka la Tanga laweza kumbadilishia, na aanze na prosesa ya wati 65 yenye picha ndani yake, kama Ryzen 5 5600G, kadi ije baadaye biashara ikishaidai.

Iwapo bajeti haitoshi kwa yote, punguza prosesa, usipunguze pawa saplai. Na kabla ya kupanda basi kwenda dukani, mwite fundi umeme mwenye multimita apime soketi yako saa 1 usiku, majirani wote wakiwa wamewasha taa na majiko, kisha apime tena saa 8 usiku. Ziandike namba hizo mbili kwenye karatasi na umwonyeshe muuzaji kabla hajaanza kukusimulia habari za prosesa.